Daftari la Vipimo

Mvua ya masika ilipenya bati la duka letu, Barani,
ikalala usiku kucha juu ya daftari la baba.
Asubuhi majina yalikuwa yamekwenda.
Namba zimebaki.

Nimelianika karibu na pasi ya makaa, ukurasa kwa ukurasa:
kifua thelathini na nane, bega kumi na saba,
mkono ishirini na tatu, wa kushoto umezidi nusu inchi.
Nani huyu?
Wino wa jina umekuwa doa la zambarau, kama aliyekula zambarau akafutia hapo.

Labda ni Padre Ezio, aliyeshonesha joho la Pasaka
akalipa nusu kwa pesa, nusu kwa jibini.
Labda ni Maalim Shekuwe na kanzu yake ya Maulidi,
aliyerudi mara tatu tuipanue,
na kila mara akaapa kitambaa ndicho kilichoruka.
Labda Jayanti wa duka la misumari.
Labda Karisa wa Ganda, suruali ya harusi,
ile aliyoivaa pia kwenye kesi ya shamba.

Nimeketi kwenye cherehani hii miaka kumi na tisa.
Sina elimu kubwa. Ila hili nalijua:
mtu ukimzungushia futi kiunoni, hubana tumbo.
Padre alibana. Maalim alibana.
Mama Nyevu, aliyetaka kitambaa cha hando,
vazi ambalo kazi yake ni kunenepesha,
naye alibana.
Na ukimwambia, "Inua mikono," huinua
kama aombaye, kama aliyekamatwa,
na kwa pumzi ile moja, kabla sijasoma namba,
hana dini, hana deni, hana kwao.
Ana kwapa tu, na woga kidogo.

Mwalimu Mwarandu huja jioni
kusubiri suruali iliyokwisha tangu juzi.
Anapenda benchi langu.
"Binadamu ni mmoja," husema. "Manabii wamesema,
wanafalsafa wamesema, hata wachongaji vigango wamesema kwa mti."
Nikamjibu: "Niletee basi kipimo chake,
nimshonee huyo mmoja, nifunge duka."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Maana sote tumewahi kuliona shati moja
likilazimishwa miili yote,
likiwapasua wanene, likiwameza wembamba,
na mwenye mkasi akisema kosa ni la miili.

Siyo saizi, Mwalimu.
Ni futi.
Hii hapa, ya njano, iliyofutika kati ya tisa na kumi na moja,
ile kumi naijua kwa kidole.
Imepita shingoni mwa wote hao, na haijapata kusoma
inchi ya Kiislamu au inchi ya Kigiriama.

Siku ya baba, Jayanti alileta bafta, akakataa malipo.
(Jumatatu alituma bili ya uzi. Ndivyo alivyo.)
Nilipima kwa futi hii hii.
Nikakata. Sikushona, sanda haishonwi.
Ndiyo nguo pekee niliyoitoa dukani
bila mwenyewe kubana tumbo.

Sasa nawapima upya, mmoja mmoja.
Wamepungua, wameongezeka, wengine hawaji tena.
Majina nayaandika kwa penseli, maji hayaiwezi.
Sitaki namba tupu. Mtu hataki kuitwa thelathini na nane.

Ila yule wa mkono uliozidi nusu inchi,
huyo hajatokea.
Nimemshonea shati hivyo hivyo, la kitani cheupe,
nikalitundika kwenye msumari mlangoni.
Wapitao hulijaribu.

Tangu juzi wamekuwa saba.
Mikono imewashinda wote.
Tumbo, wote wamebana.